Leso Zilizobaki Kapuni

Alhamisi ile Enid Sallows alipiga pasi leso arobaini kama alivyofanya kila asubuhi, akazikunja, akazipanga kapuni, halafu akalifunika kapu na kulisukuma chini ya meza kwa mguu. Hakuna leso ambayo ingetoka siku hiyo. Alijimiminia chai, akatia maziwa, akainywa amesimama dirishani huku akitazama mvua ya Februari ikinyesha juu ya mapaa ya studio. Moyo wake ulikuwa mwepesi kuliko ulivyokuwa kwa miezi saba.

Leso hizo hazikuwa za mafua. Watengenezaji wa sinema za vichekesho wana tabu yao: kinachowapa riziki ndicho kinachowaharibia kazi. Mchekeshaji akichekesha kweli, fundi aliye nyuma ya kamera naye ni binadamu, atacheka, maikrofoni itanasa kicheko chake, na picha yote itakuwa ya kutupa. Kwa hiyo kamera ikianza kupiga picha, kila mtu huuma leso. Utawaona wanaume wazima, mafundi taa wenye vifua vya kubeba makabati, wamejaza kitambaa mdomoni, mabega yanatetemeka na machozi yanawatiririka. Enid, aliyekuwa mvishaji wa waigizaji, ndiye aliyezifua na kuzigawa.

Na Desmond Pruett alizisoma leso hizo kama mgonjwa anavyousoma uso wa daktari. Mchekeshaji huyu alikuwa na miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini alikuwa amecheza mtu wa pili: mhudumu anayemwaga supu, jirani anayegonga mlango wakati mbaya. Hii ilikuwa sinema yake ya kwanza kama mhusika mkuu. Wiki mbili zilikuwa zimepita, na wenye sinema huko mjini hawakuridhika. Walisema watakuja wenyewe Alhamisi kuona kipande kikubwa, kile cha dansi ya harusi. Kikikubali, Desmond anaendelea. Kikikataa, yuko mchekeshaji mwingine aliyekwisha kupimwa suti, na Ijumaa ataanza kazi. Jambo hili lilikuwa siri, maana yake hata mama wa chai alilijua.

Tusizungukane. Enid alitaka Desmond aanguke. Hakutaka apate ajali wala augue. Alitaka akose kile kitu kimoja anachokiishia, mbele ya watu, mchana kweupe, na ajue kwamba amekikosa.

Kazi hii kwa Waingereza ni kijiji. Wakati wa kiangazi mafundi walewale walikuwa wakitengeneza ule mchezo wa anga wa televisheni, wa Jumamosi jioni, wenye madubwana ya mpira na kuta za mbao nyembamba zinazotikisika mtu akipiga chafya. Majira ya baridi yakija, wanazibeba taa zilezile na kwenda kutengeneza sinema za vichekesho. Waigizaji nao vivyo hivyo: mfalme wa sayari ya Julai utamkuta Desemba amevaa chupi tu, amejificha kabatini. Mlango wa chombo cha anga ndio uliokuwa sasa mlango wa hazina ya benki katika sinema ya Desmond, umepakwa rangi mpya tu. Wenyewe waliziita kazi hizo Anga na Vichekesho, kama watu wanaosema shambani na mjini.

Mwezi wa Julai walikuwa Anga, katika machimbo ya chokaa huko Kent, ambako sayari zote za televisheni ziko. Clifford, mdogo wake Enid, ndiye aliyekuwa ndani ya dubwana. Alikuwa mrefu, mwembamba na mwenye subira, na mtu wa kuingizwa ndani ya mpira hahitaji sifa nyingine. Enid mwenyewe ndiye aliyemtafutia kazi hiyo. Kichwa cha dubwana kilifungwa kwa skrubu nne nyuma ya shingo, na aliye ndani hawezi kujifungua, kwa sababu vidole vyake vimo ndani ya makucha manene kama mikate. Sharti lilikuwa moja: mwongozaji akisema kata, Enid anakimbia na bisibisi iliyoning'inia shingoni mwake, anatoa kichwa, Clifford anavuta hewa na kunywa maji. Dakika kumi, zisizidi.

Siku hiyo vumbi la chokaa liliingia ndani ya kamera. Jua lilikuwa kali kuliko Waingereza wanavyoliweza, na watu wakakaa kungoja. Desmond, aliyealikwa kucheza mfanyabiashara wa nyota, alikuwa mtu asiyeweza kukaa mahali penye watu thelathini bila kuwachekesha. Aliinyakua bisibisi shingoni kwa Enid, akaichomeka mfuko wa kifuani kama kalamu, akainama mbele ya dubwana na kuliomba dansi. Wakacheza. Dubwana lilikuwa likipunga makucha, likimgonga Desmond mabegani, na watu wakaona Clifford naye leo kachangamka. Kisha likaanza kulegea magoti. Desmond hakuliacha. Alilibeba kwapani, akaipandisha miguu ya dubwana juu ya viatu vyake mwenyewe, akaendelea kuzunguka nalo huku akilinong'oneza na kulipangusa pua, na hapo ndipo watu walipogaragara. Lilipoanguka kabisa alilisomea sala ya maziko.

Dakika kumi na saba. Walipofungua kichwa Clifford alikuwa hatoki jasho tena. Wachunguzi waliandika kwamba ilikuwa ajali iliyosababishwa na joto. Desmond alituma hospitalini kikapu cha matunda chenye nanasi katikati. Clifford sasa alikaa katika nyumba ya wagonjwa kando ya bahari, mkono mmoja unatetemeka, maneno yanamtoka moja moja, na kwenda msalani anahitaji watu wawili.

Mpaka hapo Enid angeweza kuvumilia, au ndivyo alivyojiambia. Kilichomtoa roho ni ukurasa wa sitini na moja wa mswada wa sinema hii. Mwizi wa benki amejificha kwa kuvaa gauni la bibi harusi. Polisi wako mlangoni. Bwana harusi anazirai katikati ya dansi ya kwanza, na bibi harusi inabidi aendelee kucheza naye hivyohivyo, amembeba kwapani, miguu juu ya viatu, ili mtu asijue. Desmond alikuwa amewaeleza wenye sinema kichekesho hicho mwenyewe, na kikaandikwa. Enid aliusoma ukurasa huo mara tatu chumba cha mavazi.

Jumatano, wakati wa chakula cha mchana, aliketi na watu wawili kantini. Ron alikuwa mpiga kamera, mtu mzito mwenye maneno machache. Geraint, mtu wa Wales, ndiye aliyeshika fimbo ya maikrofoni, na yeye alikuwa na maneno ya wote wawili.

"Enid bwana," Geraint alisema, "hebu nyoosha. Unataka tufanye nini hasa?"

"Msicheke."

"Basi?"

"Basi. Mazoezini wala kwenye kupiga picha. Mdomo ufungwe, uso ulale."

Geraint alichovya mkate kwenye mchuzi wa maharage, akautazama, akaurudisha sahanini. "Ukimnyima mchekeshaji kicheko umemuua, unajua hilo."

"Najua."

"Ana watoto wawili shuleni," alisema Ron.

"Clifford hana hata mmoja, na sasa hatampata. Ron, siku ile ulicheka mpaka ukakaa chini kwenye chokaa. Nilikuona. Na wewe, Geraint, ulikuwa unapiga makofi kumhesabia mdundo. Moja mbili tatu, moja mbili tatu. Au umesahau?"

Geraint hakuwa amesahau. Wekundu ulimpanda kutoka shingoni hadi masikioni.

"Wote tulicheka, Enid. Tulidhani anaigiza. Hata wewe mwenyewe..."

"Kidogo," Enid alimkatiza. "Mwanzoni. Mimi ni dada yake, usinifundishe."

Ron aliisukuma sahani yake mbali. "Kesho tu," alisema. "Baada ya hapo usituombe tena kitu kama hiki."

"Baada ya hapo sitakuwa na haja."

Mchana ule wote aliwafuata wengine mmoja mmoja. Watu wa Anga waliokuwamo katika sinema hii walikuwa kumi na tisa, na kila mmoja alimkumbusha alivyocheka: wewe ulishika mti, wewe ulimwagikiwa na chai, wewe ulisema njooni muone. Alikuwa amewahifadhi kichwani kwa miezi saba, kila mtu na kicheko chake. Hakuna aliyekataa. Watu wanaoona aibu huwa wepesi sana kukubali, hasa wakipewa mtu wa kumtupia.

Saa tatu asubuhi Alhamisi, Desmond aliingia ukumbi wa harusi akiwa na gauni jeupe, shela, na kifua cha soksi. Enid alikuwa amemfunga mwenyewe: kwanza lile vazi la kubana kiuno, kamba zake mgongoni, halafu vifungo thelathini na viwili juu yake. Mwongozaji, Bwana Fenwick, mzee mpole mwenye sweta lililotoboka kiwiko, aliomba wafanye mazoezi mara moja.

Na kilichekesha. Hilo lazima lisemwe, maana Enid mwenyewe alilijua na lilimkera. Bwana harusi alichezwa na kijana mmoja mlegevu mwenye shingo ndefu, na alipozirai Desmond alimdaka kwa uso wa mwanamke anayedaka sahani ya mama mkwe. Aliinamisha kile kichwa kwa mkono kumsalimia kasisi. Akakipangusa mate kwa ncha ya shela. Kichwa kilipoangukia kwenye soksi za kifuani wageni waalikwa wakaguna kwa mahaba, na Desmond akawatazama kwa haya. Kisha suruali ya kijana ikaanza kushuka, na bibi harusi akawa anacheza huku akiipandisha kwa goti.

Kimya. Geraint alikuwa ameuma shavu kwa ndani mpaka akaonja damu; baadaye alisema alikuwa akimfikiria bibi yake kaburini, na bibi naye akaanza kucheka. Fimbo yake ilitikisika mara moja tu. Mafundi taa walitazama viatu vyao. Ron aliinua uso kutoka kwenye kamera, uso mtupu, akasema taa ya kushoto ni kali kidogo. Wageni wa kukodiwa, ambao hawakuwa na habari na mpango wowote, walianza kucheka wawili watatu, wakaona mafundi wamenuna, wakanyamaza kwa adabu.

Desmond aliwatazama wote haraka, kutoka mkono hadi mkono. Hakukuwa na kitambaa hata kimoja.

"Vizuri," alisema Bwana Fenwick bila uhakika. "Tupige."

Walipiga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Baada ya ya nne Enid alipanda jukwaani kurekebisha shela.

"Enid, mpenzi wangu," Desmond alinong'ona bila kusogeza midomo, "leo nanuka?"

"Hunuki, Bwana Pruett."

"Mbona kama tuko msibani?"

Enid alichomeka pini moja, akachomeka nyingine. "Sijui. Labda haichekeshi."

Aliona neno likiingia. Macho ya Desmond yalipepesa mara mbili. Enid alishuka jukwaani, na utamu aliousikia kifuani ulimshangaza kwa ukubwa wake. Hakujua kwamba chuki ina ladha nzuri kiasi hicho.

Kuanzia hapo Desmond alianza kujiharibia mwenyewe. Mara ya sita aliongeza macho. Mara ya nane alimbusu kasisi. Mara ya kumi alianguka kwenye keki, jambo ambalo halikuwa kwenye mswada, na ikabidi wangoje saa nzima keki nyingine iletwe. Kile kilichokuwa chepesi asubuhi kilianza kutoa jasho. Mchekeshaji anayetafuta kicheko ni kitu kigumu kutazama. Anakuwa mtu anayebisha nyumba ambayo taa zake zinaonekana lakini hakuna anayefungua. Chumba chote kiliona haya kwa niaba yake, na haya ikafanya kimya kiwe cha kweli. Ilipofika saa sita mchana hawakuwa wakijizuia tena. Hapakuwa na cha kuzuia.

Baada ya chakula walikuja wenye sinema, wanaume wawili wenye makoti marefu. Walisimama karibu na mlango wa hazina ya benki, uliokuwa wa chombo cha anga. Watu hao hawajui kichekesho ni nini, na wanajijua kwamba hawajui, ndiyo maana hawakumtazama Desmond. Waliwatazama mafundi. Mmoja alitazama saa yake. Walipiga mara ya kumi na nne mbele yao, na katikati ya dansi Desmond akasimama.

Alisimama tu, kijana yule amemlalia kifuani. Akamtazama Ron. Akamtazama Geraint na fimbo yake. Akamtazama fundi taa mmoja, na mwingine, na seremala, akihesabu, na mwisho akamfikia Enid aliyekuwa pembeni na kikebe cha pini. Uso wake ulitulia. Hakuna aliyesema kata, kwa hiyo kamera iliendelea kupiga mpaka filamu ikaisha yenyewe.

"Asante, Desmond," Bwana Fenwick alisema taratibu. "Nenda ukapumzike." Saa kumi, chai ilipokuja, kila mtu alikwisha kulisikia jina la mchekeshaji wa kesho.

Enid alikwenda kumvua. Ilikuwa kazi yake, na asingekubali mtu mwingine aifanye siku hiyo. Desmond aliketi mbele ya kioo, unga wa uso umepasuka kwa jasho, shela iko sakafuni. Enid alisimama nyuma yake akaanza vifungo, kutoka juu kwenda chini.

"Wa Anga," alisema Desmond. "Wote kumi na tisa."

"Kumi na tisa."

"Umewapanga wewe."

"Mimi."

"Kwa ajili ya kaka yako."

"Mdogo wangu. Ana jina."

"Clifford. Nalijua, Enid. Usifikiri silijui." Alijipangusa midomo kwa kiganja. "Nilikuwa na bisibisi mfukoni. Hilo silikatai na sitalikataa. Ukitaka kuniita muuaji niite."

"Ukachukua kile kifo chake cha nusu ukakitia kwenye sinema."

"Ndiyo." Vifungo vitatu vilifunguka. "Unajua kwa nini?"

"Kwa sababu huna haya."

"Kwa sababu ndicho kicheko kikubwa kuliko vyote nilivyopata maishani mwangu. Na nilikuwa nakitaka tena, mara moja tu kabla sijazeeka." Alimtazama kwenye kioo. "Mimi sichezi na watu thelathini, Enid. Hakuna awezaye. Nikiingia mahali nachagua uso mmoja, ule mgumu kuliko wote, nafanya kazi na huo tu. Wengine wanafuata. Siku ile niliuchagua wako."

Vidole vya Enid vilisimama.

"Mwaka mzima na zaidi hukucheka. Mumeo alikufa, sivyo? Arthur. Watu walisema Enid ni jiwe, usihangaike naye. Nikasema ngoja. Nilipochukua ile bisibisi nilitaka dakika mbili, nikurudishie. Halafu ukaanza. Ukaziba mdomo, ukashindwa. Ukashika ubavu. Ulikuwa unalia kwa kicheko, mwanamke wewe, ulikuwa umeinama unapiga goti lako na ngumi, na mimi nikasema bado kidogo. Kila nilipotaka kumwachia nilikutazama, nikasema bado kidogo."

"Muongo."

"Nimeongopa mambo mengi. Ya vicheko sijawahi."

"Nilicheka mwanzoni tu. Kidogo."

Desmond alifumba macho. Enid alimalizia vifungo vyote, akalegeza kamba za mgongoni moja moja, maana mikono yake iliijua kazi hiyo hata asipokuwepo yeye. Desmond alivuta pumzi ndefu. Kisha Enid alilitundika gauni, akatoka, na hakumuaga.

Usiku wa Ijumaa na Jumamosi hakulala vizuri, lakini alikuwa na jibu. Mtu aliyeangushwa husema chochote. Atakuumiza kwa kilicho karibu na mkono wake, na Desmond alikuwa hodari wa kutafuta pa kuumia kama alivyokuwa hodari wa kutafuta pa kuchekea. Ndivyo alivyojiambia ndani ya treni Jumapili asubuhi, akiwa na keki ya tangawizi kwenye mfuko na habari ya ushindi moyoni. Alikuwa ameingojea Jumapili hii tangu Julai.

Clifford alikuwa ameketishwa karibu na dirisha, blanketi magotini. Enid alimkatia keki vipande vidogo akamsimulia yote kwa mpangilio: leso, kantini, keki ya harusi iliyopondwa, makoti marefu, na kwamba Ijumaa saa mbili asubuhi mtu mwingine alikuwa amevaa lile gauni, limepunguzwa kiuno. Alimwigizia Desmond alivyosimama. Clifford alisikiliza, mkono ukitetemeka juu ya blanketi, na dada yake alipomaliza, alitafuna kwa muda mrefu.

"Maskini," alisema.

"Maskini nani?"

"Desmond."

"Usimwonee huruma, Cliff. Hata kidogo. Unajua alithubutu kuniambia nini? Ati alikuwa ananichekesha mimi. Ati mimi ndiye niliyemfanya aendelee." Alicheka kavu, kumwonyesha jinsi jambo lenyewe lilivyo la kipuuzi, na akamngoja akatae. "Wewe ulikuwemo mle ndani. Ulisikia kila kitu. Mwambie dada yako."

Clifford alitazama dirishani. Maneno yalimchukua muda kuyafikia, na Enid alikuwa amezoea kuyangoja.

"Mle ndani," alisema, "huoni. Unasikia tu."

"Ndiyo."

"Nilikuwa nagonga. Nampiga mabegani. Kwamba nifungulie." Akapumzika. "Halafu nikakusikia."

"Mimi?"

"Unacheka."

"Kidogo, Cliff. Mwanzoni. Wote walikuwa..."

"Sana." Upande mmoja wa mdomo wake, ule uliokuwa bado unamtii, ulipanda. "Nilikijua. Kile cha tangu tukiwa watoto, kile cha jikoni kwa mama. Tangu Arthur afe sikuwa nimekisikia. Nikasema, mwache." Alitafuta neno, akalipata. "Mwache kidogo afurahi. Nikaacha kugonga."

Enid alikuwa bado ameshika kisu cha keki. Alikiweka chini kwa uangalifu kwenye sahani, ukingoni, na akaona kwamba hajui mikono yake aiweke wapi. Sasa alikikumbuka chote. Maumivu ya ubavu, goti lake alilolipiga ngumi, chokaa iliyomwingia machoni pamoja na machozi, na jinsi ilivyokuwa vizuri, baada ya mwaka na nusu wa nyumba yenye kiti kitupu, kushindwa kuvuta pumzi. Kila mmoja wa wale kumi na tisa alikuwa amemkumbusha kicheko chake, na wote walikuwa wameinamisha vichwa, na hakuna aliyekuwa na ukatili wa kumrudishia chake.

Clifford alinyoosha mkono ule mzima akamshika kiwiko. Alikuwa akimchunguza uso, kwa wasiwasi, kama anayemuuliza kama amekula.

"Na Alhamisi?" alisema. "Ulicheka?"

"Hapana," alisema Enid.

"Pole," alisema Clifford.